Kusahihisha

Madaftari arobaini na nne juu ya meza ya chakula,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Umeme umekatika tangu magharibi,
taa ya chaji inaninunia.

Swali nililitunga mwenyewe:
Nani mwenye hatia katika hadithi ya kisima? Toa hoja tano.

Hadithi ni kongwe, kitabu hakina jalada,
kurasa zimelainika kama kanga ya kubebea mtoto.
Ndugu wawili. Ndoo imezama.
Mdogo anashuka, mkubwa anashika kamba.
Kamba inakwenda.
Mkubwa ndiye msimulizi, uzeeni, kwa sentensi fupi fupi,
na hakuna anayemuuliza kitu.

Thelathini na mmoja wameanza na methali,
ndugu wakigombana chukua jembe ukalime,
utadhani nimewatuma shamba.
Tunu anasema ni umaskini: kijiji kingekuwa na pampu, yasingetokea.
Mbelwa anamtia hatiani baba, aliyekuwa amelala.
Shekiondo anailaumu kamba yenyewe,
mkonge ukilala na maji huoza;
mjukuu wa manamba huyu, anajua anachosema.
Vema. Vema. Nusu alama.

Kisha Kibibi, dawati la nyuma,
mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu:

"Mwalimu, mimi ninayo hoja moja tu.
Msimulizi ametaja kamba mara tisa.
Ndoo mara nne. Ametaja ukuta, ukungu, hata chura.
Mikono yake hajaitaja popote.
Mtu aliyeshika kamba anaisahauje mikono?"

Nimeweka kalamu chini.
Mwongozo wa kusahihisha hauna mikono.

Mwantumu alizaliwa mwaka mmoja nyuma yangu,
tukaanza shule siku moja,
akanitangulia kwa kila somo isipokuwa kuimba.
Kambi ya mkonge, nyumba ya tano toka bombani,
Baba na ada ya mtu mmoja.
Jioni ile akasema, leteni ripoti zenu nizione.
Kulikuwa na mvua. Kulikuwa na kibatari.
Kulikuwa na godoro la sufi lenye tundu upande wa ukutani.
Ripoti ya Mwantumu haikuonekana.
Alitafuta sandukuni, alitafuta mkobani,
alitafuta usoni kwangu.
Baba akasema, basi, atakwenda mwenye karatasi.
Wewe mwakani.

Mwakani ile haijafika.
Alikwenda kiwandani kusokota kamba, akaolewa Muheza,
na kila msimu hunitumia kikapu cha machungwa
kilichofungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe,
fundo moja gumu. Kisu nimejaribu.
Halikatiki, lazima ulifungue.

Narudi juu, naisoma tena jioni ile
kama daftari la mtoto wa mtu.
Mvua, moja. Kibatari, kimoja. Godoro, na tundu lake.
"Haikuonekana," nimeandika,
kama kwamba karatasi ina miguu.
Kalamu nyekundu inasimama pale pale,
inapiga mstari chini ya neno.

Mikono ni hii.
Wa kushoto uliinua godoro.
Wa kulia ulisukuma: hesabu, tisini na sita, wino wa bluu,
ikapenya kwenye sufi bila kelele,
na vidole vikatoka na nyuzi nyeupe
nilizozifuta kwenye gauni lake,
si langu.
Hilo la gauni sikuwahi kulikumbuka mpaka usiku huu.

Kibibi nimempa tano juu ya tano.
Nimefuta, nimempa sita.
Mkuu wa idara atauliza, na aulize.

Simu inatetemeka kati ya madaftari.
Kikapu kimefika?
Kimefika, Mwantumu.
Mbona kimya sasa? Umekifungua?
Nina kucha fupi, nasema.
Anacheka.
Halafu anasubiri.