Mashine Haikunisoma

Pale Uhamiaji, Chake, kijana wa miwani
aliniambia niweke kidole cha shahada juu ya kioo.
Nikaweka. Taa nyekundu.
"Bonyeza, mama." Nikabonyeza. Nyekundu.
Cha kulia, cha kushoto, dole gumba,
nyekundu, nyekundu,
mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.

"Unafanya kazi gani, mama?"
Natunga kofia, nikasema. Miaka thelathini na minne.
Akanigeuza kiganja kama anayechagua samaki.
"Alama zimelika," akasema. "Huna alama."

Huna alama!
Nilirudi Konde nimelifumbata neno hilo
kama chenji pungufu.
Ikiwa hapa, penye kaburi la mama yangu
na deni langu dukani kwa Hamdu,
mashine hainijui,
Ujapani nani atanijua?

Arafa kajifungua. Mtoto wa kike.
Kanitumia picha: kitambaa cheupe, ngumi ndogo,
theluji dirishani,
na sauti yake: "Mama, njoo, nauli ishalipwa,
utabadilisha ndege mara mbili tu."
Mara mbili tu!
Mie ambaye boti ya Unguja
hunitapisha kabla haijaacha gati la Mkoani.

Usiku nilihesabu ninachokiogopa.
Ngazi zinazotembea zenyewe.
Choo chenye vitufe.
Supu nisiyojua ndani mna nini.
Kuuliza njia, nikajibiwa kwa tabasamu.
Kufa angani, wanizike wapi?
Na hili nililificha chini ya yote:
kwamba mjukuu wangu ataniangalia
kama wanavyoangaliwa wageni.

Asubuhi Bi Mkasi wa jirani akaja kuazima mbuzi ya nazi,
akanisikiliza, akatikisa kichwa:
"Usilolijua, shoga, ni usiku wa kiza."
Mbuzi akaondoka nayo.
Methali akaniachia mlangoni.

Nikaketi nayo. Nikaitia uzi.

Usiku wa kiza? Huo mbona naujua.
Mwaka ule umeme ulipokatika wiki nzima, Idi mlangoni,
koroboi imekwisha mafuta, wateja wanane wanangoja,
nilitunga gizani.
Tundu la sindano sikuliona.
Nilikiuliza kidole liko wapi, kikanijibu.
Hivi hivi vilivyolika
vikanipeleka kitobo baada ya kitobo
bila kujua upande wa pili kuna nini,
na alfajiri nikakuta kila ua liko mahali pake.
Ila moja, lilikwenda upande.
Mteja hakuliona.
Au aliliona, akanyamaza.

Jumatatu nikarudi Chake.
Siku tatu mafuta ya nazi, sindano sijaigusa.
Kijana wa miwani hayupo, yupo binti,
Mize, jina nililisoma kifuani.
Akanishika kidole yeye mwenyewe,
akakilaza ubavu, taratibu, kama anayelaza mtoto.
Vinane vikakataa.
Cha tisa, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto,
kisichojua kazi yoyote tangu nizaliwe:
kijani.
Tukacheka hadi askari akachungulia.
Basi dunia itanijua kwa kidole changu kivivu.

Lakini Arafa anasema huko uwanjani
wataomba vya shahada, vyote viwili.

Hofu haijatoka. Nimeifunga mzigoni
pamoja na udi, kanga mbili za kumbebea mtoto,
na kofia ya mkwe, ambaye kichwa chake sikijui;
nimekikisia kwa picha.

Leo, kabla ya kulala,
nimefanya mazoezi kwenye kioo cha kabati.
Kulia. Kushoto.
Nikawasha tochi ya simu, nikainama.
Kitu kipo.
Ukungu mdogo wa mafuta, mistari miwili mitatu,
kama nyuzi zinazobaki mkekani
kofia ishakwenda kwa mwenyewe.

Bi Mkasi, ufunguo utakaa kwako.
Fagia, mwagilia mlangilangi, funika mtungi.
Kioo cha kabati
usikifute.