Kurasa Nne za Khatibu

Ukurasa ni mia tano, Khatibu,
nami sikatai pesa,
lakini kurasa nne za nini, na miaka yako ishirini na mbili?
Futa uzito. Futa kundi la damu.
Futa na unahodha wa timu, darasa la sita.

Kifaransa umeandika "fasaha".
Haya, mgeni kapotelewa na begi, mwambie neno.
Kimya.
Basi nacho tunakifuta.

Namba hii si ya ile laini uliyoitumbukiza kisimani?
Watakupigia wapi?

Na hapa chini, penye sahihi, pamebaki:
"Wako mtiifu, Mgeni Faki Hamad."
Ndiye uliyemnakili.
Hapa Machomane ungekaa ukingoja simu,
kazini akaitwa yeye,
kwa elfu mbili zako.