Karatasi Isiyokuwepo

"Karatasi imekwama," mashine inashikilia.
Lushinge amefungua milango yote mitatu:
hamna kitu.
Amepima waya kwa mita, moja moja.
Nyekundu, nzima. Ya bluu, nzima.
Nyeusi imeonjwa na panya; fundi ameiunga, ameifunga tepu.
"Karatasi imekwama."

Foleni ya mirathi imefika ngazini.
Mbuke wa masijala anauliza: nikimbie Igoma nikatoe kopi huko?

Ndipo, kwa tochi ya simu, kwenye jicho la sensa
dogo kama punje ya mtama,
mdudu wa ziwani, mmoja, wa lile wingu lililovuka Kirumba juzi,
amekaukia pale, mabawa wazi.

Lushinge anapuliza.
Mashine inaguna, inameza, inatoa
cheti cha kifo, kingali na joto.