Kidole Kimoja

Niliandika 165, ikarudi 178.
Nikaandika tena, ikarudi 165, safi,
kama mtoto aliyenawa uso baada ya kuiba sukari.
Mara ya tatu, 178.

Laiti ingekosea kila mara, ningelala.
Kosa la kudumu lina anwani, lina mlango wa kubisha.
Hili lilikuwa mpita njia.

Oulu, Januari, saa tisa alasiri,
jua limeshafunga duka.
Mezani bodi yangu, ndogo kuliko kiberiti,
niliyoichora mwenyewe, njia kwa njia,
iende ikaning'inie chini ya bahari iliyoganda,
isikilize barafu ikipasuka hadi Aprili
na kila mlio iuandike kwenye kadi.
Kusikia ilisikia.
Kuandika ndiko kulikoishinda.

Nililaumu kadi. Nikanunua za kampuni saba.
Nililaumu betri, kisha soketi, nikaisugua kwa spiriti.
Siku ya pili nikamgeukia Jalmari,
mtu wa programu, wa soksi za sufu na maneno ya kuhesabu:
"Tatizo liko kwako."
Akaitikia kwa kichwa. Akakesha.
Akaandika upya tangu mstari wa kwanza,
na asubuhi
178.

Nikapunguza mwendo wa saa, nusu, kisha nusu ya nusu.
Makosa yakapungua, hayakuisha.
Hapo ningeshtuka.
Sikushtuka. Nyani na kundule.

Siku ya nne nikazipanga biti kwenye karatasi, kwa penseli:
moja sifuri moja sifuri sifuri moja sifuri moja.
Chini yake zile zilizorudi:
moja sifuri moja moja sifuri sifuri moja sifuri.
Nikazitazama mpaka kahawa ikapoa.
Ya tatu imehesabiwa mara mbili!
Zilizoifuata zikasukumana hatua moja,
na ya mwisho kwenye foleni ikafungiwa mlango.

Nikaigusa bodi, pale inapopita njia ya saa,
sijui nikitafuta nini,
labda kuipapasa tu, kama paji la mgonjwa,
na kwenye skrini makosa yakakoma.
Nikatoa kidole: 178.
Nikarudisha: kimya. Elfu kumi, safi. Elfu ishirini.
Kidole kimoja hakivunji chawa, husemwa.
Changu kilikuwa kimemkalia.

Osiloskopu ikanichorea yaliyobaki.
Pigo linapanda, linakimbia,
linafika mwisho wa shaba, halioni pa kwenda,
linageuka,
linakutana na nafsi yake njiani.
Saa imepiga mara moja.
Kadi imesikia mara mbili.
Na kidole changu, nyama na jasho,
kilikuwa kikiumeza mwangwi.

Dawa yake ni kipinga cha omu thelathini na tatu,
chembe isiyofika ufuta.
Kwenye mchoro wa kwanza kilikuwepo.
Agosti nilikifuta, mimi, kwa mkono huu,
kuokoa milimita mbili.

Sirkka akaikata ile njia kwa wembe,
akakipandikiza chini ya hadubini bila kuvuta pumzi.
Nami yangu niliizuia.
Moshi mwembamba wa solda. Kisha
165
165
165
mpaka nikachoka kuihesabu furaha.

Nilikwenda kwa Jalmari na mkate wa mdalasini,
wenye moto bado, karatasi imelowa siagi.
Njiani nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanitoka
isipokuwa yale ya kujitetea:
"Nilikwambia mara moja tu."
"Ndiyo," akasema. "Mara moja."
Akaumega mkate, akanisogezea kipande kikubwa.
"Usiku ndio nikaisikia tena."