Asili Yenye i

Kitabu kimeandikwa Kiingereza,
nami nafasiri kwa chaki nyuma ya mlango
wa ghala la Mbarouk, Limbani, Wete,
kila Jumatano baada ya Isha.
Ubao hatuna. Mlango una rangi nyeusi, unatosha.

Bikombo huja na bintiye, humlaza juu ya magunia matupu
yanayonuka karafuu za mwaka juzi.
Ana miaka thelathini na mmoja.
Kidato cha Tano alikiacha wiki ya tatu, akaolewa.
Sasa anarudi, mtahiniwa wa kujitegemea,
na daftari lililobakiwa na kurasa ishirini.

Leo nimemwandikia
saba jumlisha nne i,
mstari,
chini yake mbili toa i.
Juu ni kiasi, namwambia. Chini ni asili.
Gawa.

Akaitazama mpaka chaki ikamlowa kiganjani.
"Kumi kwa wawili naweza. Hata mirathi naweza,
thumni ya mke, sudusi ya mama.
Lakini hii i, mwalimu,
nigawe vipi kwa kitu kisichojulikana kipo au hakipo?"

Sikumjibu upesi. Wete nzima inajua
mumewe yuko Maskati, huu mwaka wa saba;
pesa zilikuja miaka miwili, simu mmoja zaidi,
talaka haijaja, naye hajaja.

"Kwa asili ya namna hii hatugawi moja kwa moja.
Kwanza tunaitafutia mwenza."
"Mwenza yupi?"
"Mbili ile ile, i ile ile, ila alama igeuke.
Palipo na toa, weka jumlisha."
"Basi wafanane kila kitu,
wapingane pale tu panapouma."

Nilitaka kucheka, umeme ukakatika.

Kwa tochi ya simu nikamwandikia pembeni,
kwa vina, kama nilivyojihifadhishia mwenyewe zamani
nikiogopa mtihani:

    Alama kubadilisha,
    juu na chini zidisha,
    na i chini itakwisha,
    ubaki na namba wazi.

    Juu, vyote kuchanganya,
    halisi pweke kusanya,
    za i kando kutenganya,
    gawa, imekwisha kazi.

Akaanza chini. Nne.
Mbili i na toa mbili i zikakutana, zikafutana.
I mara i ni hasi moja, na mbele yake kuna toa,
basi moja ikageuka, ikaingia upande wa nne.
"Tano! Tano tupu!"
Mtoto akashtuka, akageukia gunia la pili.

Juu: kumi na nne, saba i, nane i,
na ile nne iliyoingia kama i mara i ikatoka hasi.
Kumi, na kumi na tano i.
Gawa kwa tano.

Mbili jumlisha tatu i.

"Ndilo umbo sanifu," nikasema,
"halisi mbele, i nyuma yake, kila moja na pahala pake."
Nilidhani atafurahi. Akaiweka chaki chini.

"Haikuondoka. Umenizungusha mabano yote haya,
na i ipo vile vile."

"Ipo. Lakini haiko chini tena."

Hakusema kitu. Akachukua jibu,
akalizidisha kwa mbili toa i, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya mwenye duka.
Saba. Jumlisha nne i.
Akapiga mstari mmoja chini yake, akambeba mtoto, akaenda.

Jumatano ya pili hakuja. Ya tatu alikuja kachelewa,
ndani ya daftari mna karatasi yenye muhuri wa kadhi,
ameikunja nne.
Sikuuliza. Alisema, "Tuendelee ukurasa wa tisini."

Mbarouk naye alikuwa amesimama mlangoni
tangu asubuhi, miwani puani, akisoma ile chaki:
"Mbili, na tatu za huyu i.
Hebu niambie, mwalimu, huyu namdai
au ndiye anayenidai?"

Nikamwambia asifute.