Mto wa Sufi

Chafya ya kwanza, shangazi Barke hujibu: Mungu akurehemu.
Ya pili, vivyo hivyo.
Ya tatu: pole, una mafua.
Zaidi ya hapo hunyamaza, akahesabu kwa tasbihi.

Mafua gani haya ya miaka sita,
yasiyo na homa, yasiyomwambukiza mtu?
Nimefukizwa mvuje. Nimetafuna tangawizi.
Nimeambiwa ni kijicho cha jirani wa ghorofani.

Daktari Nyamvula, kule Ganjoni, hakuuliza habari za jirani.
Aliuliza: unalalia nini?

Mto wa sufi, nikasema. Wa marehemu mama.
Una shimo la kichwa chake hadi leo.

Akanyamaza kidogo.
Vumbi lina vidudu visivyoonekana, akasema;
mwili wako umevidhania jeshi,
mbiu inalia usiku kucha
na hakuna aliyeshika hata kisu.

Basi mto nikautia mfuko wa zipu, juu ya kabati.
Shuka, maji ya moto kila Ijumaa.
Udi wafukizwa nikiwa Marikiti.
Dawa napuliza nikilenga upande wa sikio, si katikati,
kila siku, hata siku pua imetulia;
hapo ndipo nilipokuwa nikikosea.

Mwezi wa pili nikasikia harufu ya mahamri kutoka chini,
ya chokaa iliyolowa baada ya mvua, Kibokoni.

Jana nikapanda kiti, nikafungua zipu, inchi moja tu.
Mama alikuwamo: halud, na mafuta ya nazi.

Nikapiga chafya.
Moja.
Toka jikoni: Mungu akurehemu.