Ukuta

Bahari ya Lindi haina ukuta:
hilo ndilo tatizo la dada yangu.

Barua ya kocha wa chuo, iliyochelewa miezi miwili,
haikuuliza kama anaweza kuvuka hadi Kitunda.
Iliuliza: mita mia, mtindo huru,
bwawa la mita ishirini na tano, muda gani?
Usizidi dakika moja na sekunde kumi na mbili.
Somoe akaisoma amesimama mlangoni,
akaisoma tena ameketi juu ya kinu,
na mama, nikashangaa, hakumkemea.
Kisha akanigeukia mimi, wa darasa la saba:
"Mia, kwa ishirini na tano. Unageuka mara ngapi?"
Tatu, nikasema.
"Basi mimi sijui kuogelea,"
akasema yeye, aliyekwenda Kitunda na kurudi
siku ya matokeo ya fomu foo
bila kumuaga mtu, akala wali, akalala.

"Samaki nao wana digrii?" mama akauliza,
akaendelea kubangua korosho.

Tukatafuta ukuta.
Tukaupata kwenye gati bovu, nyuma ya ghala,
umeota chaza wenye makali ya wembe.
Lakini maji huufikia wakati wa bamvua tu;
yakiwa maji mafu unabaki na tope
na kaa wanaokuchungulia kama wadai.
Kwa hiyo chumbani kwetu kuna kalenda mbili,
ya fomu siksi na ya mwezi,
na Jumanne moja zikagongana:
maji yamejaa saa kumi alfajiri,
Biolojia ya majaribio, karatasi ya pili, saa mbili.
Akafanya zote. Mwalimu Nampoto
alikuta mchanga katikati ya moyo wa chura.

Fundi Chitanda akatupimia kwa futi yake
kamba ya kuanikia nguo, mita ishirini na tano.
Huku ukuta. Huku dumu la njano, limefungwa jiwe.
Dumu halisukumiki. Ukilipiga teke
linakwenda zake.
Ndipo nikang'oa mlango wa banda la kuku
(kuku wakahamia jikoni, hiyo ni kesi nyingine)
nikasimama majini hadi kifuani,
mlango mbele yangu, visigino mchangani.
Mimi nisiyejua kuogelea nikawa ukuta.

Huwezi kujua dada yako ana nguvu gani
mpaka ajipindue chini ya maji gizani,
aukanyage mlango,
na wewe uondoke nao.
Mara ya kwanza nilikunywa bahari.
Mara ya kumi nilishajua kuinama.

Ikabaki saa. Nani ashike simu?
Mama akaja siku ya tatu, kanga mbili, tochi mkononi,
hakusema amefuata nini.
Vidole vyake vimeliwa na mafuta ya korosho,
havina alama tena, kioo hakimtambui:
akabonyeza, akabonyeza, simu kimya,
na Somoe ameshazama.
Kesho yake akaja kubonyeza kwa kifundo cha kidole.

Leo.
Kwenda: mlango, mimi.
Kurudi: ukuta, chaza, damu kidogo.
Kwenda. Kurudi. Kiganja kikapiga jiwe.
Mama akaisogeza simu karibu na macho,
akasoma polepole kama anayesoma mizani ya mnunuzi:
"Moja. Kumi na tatu."

Sekunde moja. Hakuna aliyeongea.
Somoe alihema, ameung'ang'ania ukuta
kama shati la mtu anayetaka kuondoka.
Mama akaangaza tochi pale maji yalipofikia.
"Yatakaa mpaka saa ngapi haya?"
Nusu saa, nikajibu nyuma ya mlango.
Akakaza kanga, akainua kifundo cha kidole.
"Basi rudi mwanzo.
Na wewe, ukuta, simama vizuri."